Subana ya Zuwena na Kofia ya Iddi

Katika zama ambazo watawala walisikiliza mashtaka kwa masikio yao wenyewe, mji wa Kilimbani ulikuwa chini ya Sultani Ghalibu bin Harithi, mtu mwadilifu, mcha Mungu na mwepesi wa hasira. Mwadhini wa mji huo alikuwa kijana aitwaye Shaibu, na alikuwa amemposa Zuwena binti Khalfani, mshona kofia, na harusi yao ilikuwa imewekwa Iddi mosi.

Jioni ya tarehe ishirini na nne ya Ramadhani, Shaibu alipanda mnarani, akaitazama nyumba ya kina Zuwena, na akaanza kuwaza kanzu atakayovaa na sufuria za pilau na ngoma zitakazopigwa, na katika kuwaza huko akaadhini ilhali jua halijazama. Mji mzima ukafungua. Sultani naye akameza tende, na alipoinua macho akaliona jua limekaa juu ya maji, linamtazama.

Wakamleta Shaibu mbele yake amefungwa mikono.

"Umeniharibia saumu yangu na saumu za raia wangu," alisema Sultani. "Siku ya Iddi, sala ikiisha, utapelekwa Kisiwa cha Chumvi, ambako hakuna aliyewahi kurudi."

Zuwena akapiga magoti. "Ewe bwana wetu, Mungu akuzidishie umri. Mtu huyu hakukudharau. Mwili wake ulikuwa mnarani na moyo wake ulikuwa harusini. Nakuomba msamaha wako kwa ajili ya mwezi huu mtukufu."

Sultani akapapasa kofia yake kuukuu. Mshona kofia wa ikulu alikuwa amefariki mwezi wa Shaabani, na kofia ya Iddi ilikuwa haijaanzwa.

"Nishonee kofia ya viua mia tatu," akasema, "kwa ada ya nyumba hii: uani kwangu, mbele ya watu, kwa mwanga wa jua bila taa. Nikiivaa kuiendea sala, mchumba wako ni huru. Kikikosekana kiua kimoja, ataondoka."

Viua ni vile vitundu vidogo vinavyotobolewa kitambaani na kuzungushiwa uzi hadi vikaze. Zuwena alikuwa amevishona tangu utotoni, na kazi hiyo haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba hakuna aliyejua Iddi ni lini. Mwezi ukiandama tarehe ishirini na tisa, alikuwa na siku tano. Usipoandama, alikuwa na sita.

"Mwaka huu ni ishirini na tisa," Bi Mize, mwangalizi wa ua, alimwambia. "Goti langu halijawahi kukosea."

Kesho yake Bi Mize akasema, "Hapana, mwanangu, tutatimiza thelathini. Goti limegeuka."

Zuwena akawa anashona kiua kimoja akihesabu vilivyobaki, na akihesabu anaiona mikono ya Shaibu ikifungwa, na akiiona anakosa tundu na kujichoma. Subana yake ya shaba, iliyokikinga kidole na sindano, ikapasuka. Akatoa mfukoni subana ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, na alipoizungusha kidoleni ili ikae, jini mwenye kimo cha sindano akatokea ukingoni mwa kitambaa, akainama.

"Labeka, bibi. Naitwa Daharuni, mtumishi wa subana. Naweza kuupeleka moyo wako kwenye saa yoyote ijayo na kuurudisha. Mikono yako itabaki hapa ikishona."

"Nipeleke Iddi," alisema Zuwena, hata hakuuliza la pili.

Akapelekwa, akamwona Shaibu bandarini, amefungwa kwenye mlingoti wa jahazi. Aliporudi, viua kumi vilikuwa vimeshonwa. Akaomba tena, akamwona Shaibu yuko huru, kando yake, amepakwa manukato. Furaha haikumkaa, akaomba mara ya tatu ili ahakikishe, na mlingoti ukarudi.

"Kwa nini kila nikienda naona jingine?"

"Kwa sababu bado halijawa, bibi."

Jibu hilo halikumtuliza. Kwa siku mbili alikwenda na kurudi, na hakujua kama kumenyesha au kumewaka, na maji ya daku aliyanywa bila kuyasikia mdomoni.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane kofia ilikuwa na viua mia mbili. Bi Mize akaishika, akapitisha ukucha juu ya kimoja.

"Mashallah, mkono wa..." Uzi ukafumuka. Akagusa kingine, nacho kikafumuka. "Mwanangu, umeshona au umebandika?"

Zuwena akavigusa vyote. Vilivyobaki vilikuwa thelathini, vile alivyovishona yeye mwenyewe akiwa hapo.

"Daharuni! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila aliyenivaa aliniuliza ya kesho tu."

Uzi ukakataa kuingia sindanoni. Zuwena akafungua mdomo aseme nipeleke, nikaone mara moja tu kama nitawahi, kisha akaufunga.

"Unaweza kunipeleka hapa?"

Jini akakuna kichwa. "Hapa? Hapa ndipo ulipo."

"Sipo. Kaa juu ya kitambaa, uniangalie usoni. Kila moyo wangu ukiondoka, niulize niko wapi."

Akaanza. Hakikupita kiua kimoja.

"Uko wapi, bibi?"

"Bandarini."

"Na sindano?"

"Hapa. Kiua cha thelathini na moja."

Siku ile aliulizwa mara nyingi mno, na Bi Mize, ambaye hakumwona jini, alimsikia akijibu peke yake na akasema, "Maskini, wazimu umeshampanda." Siku ya pili aliulizwa mara chache zaidi. Hofu haikumtoka, ilikaa naye kama mgeni asiyeaga, na yeye akaiacha ikae, na akavuta uzi.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa watu walijaa mapaani kutazama upande wa magharibi, na Sultani akashuka uani, na Shaibu akaletwa amefungwa mikono. Kilikuwa kimebaki kiua kimoja, na jua lilikuwa limegusa maji.

"Linazama!" alilia Bi Mize. "Kaza tu hivyo hivyo, mwanangu, kiache!"

"Uko wapi, bibi?" aliuliza Daharuni.

"Cha mia tatu. Mzunguko wa nne."

Akazungusha wa tano, na wa sita, akafunga, akakata. Jua likatoweka. Juu ya mapaa watu wakapiga kelele kwamba mwezi umeandama.

Sultani akaichukua kofia, akapitisha ukucha juu ya kila kiua, kimoja baada ya kingine. Bi Mize akamtilia Zuwena maji kikombeni.

"Uko wapi, bibi?"

"Nakunywa maji," alisema Zuwena. Yalikuwa ya mtungi, yana ubaridi na harufu ya ubani, na alikuwa ameisahau harufu hiyo.

Ukucha ukafika mwisho. Sultani akaivaa kofia.

"Mfungueni," akasema. Kisha akamgeukia Shaibu. "Na wewe, ukipanda mnarani, tazama jua."

Kesho yake Zuwena na Shaibu wakaoana, na Sultani akampa Zuwena nyumba ya mawe na cheo cha mshonaji wa ikulu, na Daharuni akaachwa huru, naye akaomba akae ukingoni mwa kitambaa siku moja, kwa kuwa hakuwahi kukaa mahali pamoja. Na aliyeyasikia haya ajue kwamba kesho haijamwomba mtu yeyote kazi. Kazi yote iko kwenye kiua kilicho chini ya kidole.