Mtungi Uliomtangulia Bibi Harusi

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi, niwape ya Mzee Kirita.

Zamani hizo, chini ya mlima mweupe, palikuwa na kijiji. Kijana Maringo alivuka mlima kumchukua mchumba wake, Ndeshi. Mila ilisema bibi harusi asikanyage chini mpaka mlangoni kwa mumewe. Akishuka njiani, anarudishwa kwao. Basi Shango, mjomba wa Maringo, akambeba mgongoni. Nyuma yao wanaume wawili walibeba mtungi wa pombe ya ndizi, zawadi ya wakwe.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Wakafika penye mteremko ambao upepo wa usiku ulikuwa umeurundikia theluji mpya. Ng'ambo yake Maringo aliona moshi wa jikoni kwao.

"Simameni," akasema babu yake, Mzee Kirita, aliyekuwa akiongoza njia. Akachimba shimo kwa jembe. Juu theluji ilikuwa nzito, imeshikana. Chini yake chembe zilimwagika kama mtama. Akakanyaga pembeni. Wuuf! Theluji ikashusha pumzi.

"Hii imelalia chembe tupu, itaporomoka. Tuzunguke juu, kwenye mawe."

"Tutafika jioni, Mzee," akasema Shango. "Nyama ya karamu itapoa. Au ni magoti yanayosema?"

"Magoti yamenyamaza. Ndeshi ana uzito gani?"

"Kama ule mtungi. Ila mtungi haunisemeshi njia nzima."

"Nao ungebebwa hivi," akajibu Ndeshi, "ungesema."

"Basi mtungi utangulie," akasema mzee.

"Pombe ya wakwe, Mzee? Tutawaambia nini wageni?"

"Mume ni Maringo. Aseme yeye."

Maringo aliutazama ule moshi. Akautazama mkono wa Ndeshi begani kwa mjomba.

"Usukumeni," akasema.

Wakasimama kwenye mawe, wakausukuma. Gudu, gudu, gudu. Kraa! Ufa ukakimbia juu ya theluji, na mteremko mzima ukaondoka. Nguruuuum! Vumbi jeupe lilipotua, mtungi haukuonekana, wala njia.

Shango akamweka Ndeshi sawa mgongoni, akageukia kwenye mawe.

Walifika jua likizama. Nyama ilikuwa imepoa kweli.

"Pombe iko wapi?" wakauliza wageni.

"Mlima umeinywa," akasema Shango, akamshusha Ndeshi mlangoni.

Wageni wakanywa maji, wakacheza ngoma vilevile. Maringo alicheza kuliko wote.

Nanyi mkifika penye theluji mpya, chimbeni muone imelalia nini, kabla ya kumpitisha mnayempenda.

Ngano yangu naitua hapo.