Mtu Mmoja wa Kwenda na Gwamaka

"Wewe ulikaa nyumbani tu!"

"Rudia, Baba Mdogo. Rudia nisikie vizuri."

"Nimesema ulikaa nyumbani tu. Nani alizunguka? Nani alifukuzwa kwenye milango ya walimu kama mbwa aliyeingia kanisani? Mimi! Wewe ulikuwa hapa jikoni unaota moto."

"Na huyo mtoto uliyezunguka naye, kusema ana njaa alijifunzia wapi? Barabarani?"

Subilaga alikuwa ameshika mwiko na hakujua kama ameushika. Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu Ambakisye, mdogo wa baba yake, kwa sauti ya namna ile. Hata kuku waliokuwa wakidonoa pumba chini ya meza walitoka nje. Gwamaka, mdogo wa Subilaga, ambaye ndiye waliyekuwa wakimgombea, alikaa kwenye gunia la viazi akitazama midomo yao ikifunguka na kufungwa. Hakusikia hata neno moja, kwa kuwa alikuwa kiziwi.

Ngojeni kwanza, ninyi mnaonisikiliza. Mkiingia kwenye ugomvi katikati mtamtetea mwenye sauti kubwa, na mimi sitaki mumtetee mwenye sauti kubwa. Acha nirudi nyuma.

Nyumba hiyo ilikuwa milimani, upande wa Tukuyu, mahali ambapo mvua haibishi hodi. Mama wa watoto alikuwa amefariki. Baba yao alikuwa Chunya kwenye machimbo, na kilichofika nyumbani kutoka kwake kilikuwa salamu tu. Waliobaki na Gwamaka walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Bibi Syabumi, mama wa baba yao, alijaliwa jicho: aliweza kumtazama ng'ombe wa jirani kwa mbali akakuambia atazaa lini. Ambakisye alijaliwa mguu, na pamoja na mguu uso mkavu. Akifukuzwa mlango wa mbele huzunguka akabisha wa nyuma. Subilaga, msichana wa miaka kumi na sita, alijaliwa mkono. Chochote alichokiona aliweza kukiiga kwa vidole vyake, ukacheka.

Jicho ndilo lililoanza.

Gwamaka alipougua homa kali akiwa mchanga, alipona, lakini baada ya hapo akiitwa haitiki. Watu wakasema mengi. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema ni zezeta, na jirani mmoja alimchapa fimbo kwa sababu alimwambia toka kwenye maharage yangu naye asitoke. Ndugu wa ukoo walikuja wakakaa, wakanywa chai, wakashauri kwamba wageni wakija mtoto awe anawekwa stoo, maana anaharibu sura ya nyumba. Bibi Syabumi alikuwa anamtazama mtoto. Siku moja radi ilipiga mpaka mbwa akaingia uvunguni, na Gwamaka akaendelea kuchezea udongo. Lakini lori la majani ya chai lilipopita barabarani, mtoto alikimbia akabandika kiganja ukutani, akacheka. Bibi akasimama. "Mtoto huyu hana masikio," akasema, "ila akili anayo, tena inatafuta pa kuingilia." Kisha akawaambia wale ndugu, "Na stoo ni ya viazi. Anayetaka kumweka mtu humo aanze kulala yeye." Toka siku hiyo hakuna aliyemnyanyulia fimbo Gwamaka. Alilala mgongoni kwa bibi yake, na alipokuwa mkubwa wa kutobebwa alilala ubavuni kwake, kiganja chake juu ya koo la bibi, ili Bibi akiimba auhisi wimbo.

Bila jicho hilo, Gwamaka angekuwa stoo mpaka leo.

Mguu ukafuata.

Gwamaka alipofikia umri wa kuanza shule, Ambakisye aliacha msumeno, maana alikuwa mpasua mbao, akamshika mtoto mkono. Shule ya kijijini mwalimu mkuu hakumkaribisha hata kiti. "Hapa tunafundisha watoto," alisema, kana kwamba alicholetewa ni mbuzi. Shule ya pili ilimpokea, ikamkalisha nyuma pamoja na wengine wanaochezea mchanga kutwa nzima. Ambakisye alipouliza watafundishwa lini, mwalimu alimjibu, "Hawa tunawalinda tu, mzee. Shukuru." Hakushukuru. Akamchukua mtoto wake, akaondoka.

Shule ya tatu aliiona kwenye kibao cha barabarani: Shule Maalumu. Ambakisye akafurahi kama aliyeokota ng'ombe. Kwake yeye, maalumu ni maalumu. Alimvalisha Gwamaka shati jeupe, akaenda naye, na Subilaga akaenda nao kubeba mzigo. Wanafunzi wakawazunguka. Gwamaka akawapungia mikono yote miwili, akawaeleza kwa vidole kwamba amekuja kwa gari na kwamba amekula ndizi. Wale watoto wakainamisha vichwa, wakatega sikio.

"Nani huyo?" akauliza msichana mmoja. "Mbona hasalimii?"

"Anasalimia," akasema Subilaga. "Hamumwoni?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa shule ya wasioona.

"Baba!" akasema yule msichana, machozi ya kucheka yakimtoka. "Umeleta asiyesikia kwa wasioona! Yeye atatupungia, sisi tutamwimbia, na wote tutalala na njaa!"

Ambakisye alitamani ardhi impokee. Mwingine angerudi nyumbani asitoke tena. Yeye alisimama palepale kwenye aibu yake akauliza, "Sawa, nimekosea mlango. Wa kwetu uko wapi?" Mwalimu wa shule ile akamwelekeza shule ya viziwi, ng'ambo ya mlima. Akaenda. Na aliporudi kazini alikuta msumeno wake umeshikwa na mtu mwingine, na bosi akamwambia mtu wa kutembea-tembea hana nafasi pale.

Bila mguu huo, Gwamaka angekuwa kwenye mchanga mpaka leo.

Na mkono?

Mama yao alipofariki, Bibi na Ambakisye walikaa wakaamua Subilaga aache shule amwangalie mdogo wake. Alikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyemuuliza. Sketi yake ya shule ilikatwa ikawa kaptula ya Gwamaka, na aliyeishona ni yeye mwenyewe. Mimi hapo siongezi neno. Nimeeleza kilichofanyika.

Basi Subilaga alikaa jikoni na mtoto asiyesikia, na kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, akaanza kuzungumza naye. Vidole vinavyoshuka: mvua. Ngumi inayosuguliwa tumboni: njaa. Mkono unaokwenda mbele na kurudi kama msumeno: Baba Mdogo. Kiganja juu ya koo: Bibi. Kidole kinachovutwa kwenye msuko wa nywele: mimi, Subilaga. Mtoto alikuwa akimeza maneno hayo kama aliyekuwa na kiu tangu kuzaliwa. Baada ya muda akaanza kutunga ya kwake.

Kule shule ya viziwi, Mwalimu Lusajo, mama mmoja mrefu, aliwapokea vizuri Ambakisye, Gwamaka na Subilaga, lakini akawaambia ukweli. "Watoto wetu wanalala bweni. Sichukui mtoto asiyeweza kusema anaumwa, au ana njaa, au anaogopa. Wengi nawarudisha. Wanaletwa hapa hawana hata neno moja, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kuzungumza nao."

Subilaga akamgeukia Gwamaka, akamuuliza kwa vidole. Gwamaka akajibu: njaa ninayo. Tumbo haliumi. Huyu mama mrefu namwogopa kidogo. Kisha, bila kuulizwa, akamnyooshea kidole Ambakisye, akafanya msumeno, akalaza shavu lake juu ya viganja, akafanya tena msumeno kwa nguvu zote.

"Anasema nini?" Mwalimu Lusajo akauliza.

Subilaga aliona haya. "Anasema Baba Mdogo akilala anapasua mbao mpaka ukuta unatetemeka."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. "Mtoto anayeweza kumsengenya mkubwa wake amepita," alisema. "Namchukua."

Bila mkono huo, Gwamaka angerudishwa siku ileile.

Hadithi ingeweza kuishia hapo tukapiga vigelegele. Lakini Mwalimu Lusajo alikuwa na neno moja zaidi. Shule ile ilikuwa na desturi: mtoto mpya huja na mtu mmoja wa kwao. Mtu huyo huishi shuleni mwaka mzima, anajifunza lugha ya alama, halafu anarudi kuwa mwenyeji wa mtoto katika nyumba ya watu wanaosikia. Kando ya mafunzo kulikuwa na karakana ya seremala iliyohitaji mtu, na ng'ambo ya uzio kulikuwa na shule ya sekondari iliyokubali kupokea walioacha masomo. "Mmoja tu," alisema. "Kitanda ni kimoja. Gari letu litapita kuwachukua shule zikifunguliwa."

Msiniulize kwa nini kitanda ni kimoja. Kawaulizeni wenye vitanda.

Sasa mmeelewa kelele za jikoni. Ilikuwa asubuhi ya gari.

"Niende mimi," alisema Ambakisye. "Nimepoteza kazi kwa ajili ya huyu mtoto. Pale kuna karakana, nitafanya kazi. Nisipopata kazi, mwakani nani atamnunulia godoro na sare? Atarudi hapa, tutakuwa tumefanya kazi ya bure."

"Niende mimi," alisema Bibi Syabumi kutoka kwenye kigoda chake, na hakupandisha sauti. "Mtoto huyu hajawahi kulala bila koo langu chini ya mkono wake. Mtamlaza kwa koo la nani? Tena mimi ni mzee. Akirudi na maneno yake mapya nisiyoyajua, nitakufa nikiwa mgeni kwake."

"Niende mimi," alisema Subilaga. "Mliniachisha shule kwa ajili yake. Shule yangu iko pale, ng'ambo ya uzio."

Hapo ndipo Ambakisye alipotoa lile neno lililowasha moto. "Mwanangu, wewe tayari unajua kuzungumza naye. Mimi sijui. Bibi hajui. Mwenye shibe hapelekwi kwenye chakula."

"Kwa hiyo aliyelima ndiye asile?" Subilaga alisema. "Ningemwacha bubu, leo mngesema Subilaga aende akajifunze! Kwa kuwa nilifanya kazi, basi kazi yenyewe ndiyo inanifungia mlango?"

"Kazi gani? Wewe ulikaa nyumbani tu!"

Na hapo tumerudi pale tulipoanzia.

Lakini mjue jambo moja. Subilaga, pamoja na hasira yake yote, alipotulia kupumua aliona kitu ambacho hakutaka kukiona. Ambakisye alikuwa hasemi uongo kuhusu godoro. Bibi alikuwa hasemi uongo kuhusu koo. Angependa sana wawe waongo. Ingekuwa rahisi kuwachukia.

"Tumuulize mwenyewe," alisema mwishowe, na wakubwa wakakubali.

Alipiga magoti mbele ya Gwamaka, akamweleza kwa vidole: gari linakuja. Wewe unaenda. Mtu mmoja anaenda nawe. Nani?

Gwamaka aliwatazama kwa zamu. Akafanya msumeno. Akaweka kiganja kooni. Akavuta kidole kwenye msuko ambao kichwani kwake haukuwepo. Subilaga akatikisa kichwa, akamwonyesha kidole kimoja. Mmoja. Mtoto akarudia vilevile, msumeno, koo, msuko, polepole zaidi, kama mtu anayemfundisha mjinga. Halafu akakasirika, akampiga dada yake begani kwa kutoelewa.

Basi msiseme mtoto achague. Alichagua, na jibu lake halikutosha kitandani.

Wala msiniambie waende kwa zamu, maana nimeshawaambia ni mwaka mzima na mtu mmoja. Na msinijibu haraka haraka kwamba mkubwa huheshimiwa, au kwamba mdogo huonewa huruma. Heshima na huruma si hesabu ya kazi. Jicho lilimtoa stoo. Mguu ulimtoa mchangani. Mkono ulimfungulia bweni. Ondoa mmoja wao, yeyote, na Gwamaka hana shule. Niambieni ninyi mlioketi hapa, wakubwa na watoto: nani apande gari? Na wale wawili mtakaowabakisha, muwatazame usoni mkiwaambia kwa nini.

Semeni upesi, maana honi imelia barabarani, na Gwamaka ameshabandika kiganja ukutani. Mwalimu Lusajo amepiga hodi. Amekaribishwa kiti, amekikataa. Amesimama mlangoni na matope kwenye viatu, amewatazama mmoja mmoja, na alilosema ni hili:

"Mtoto nimemwona. Wa kwenda naye ni yupi?"