Karafuu Tatu za Mwanajabali

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, paliishi pimbi mmoja katika mawe ya Kilima Mbuni. Nasema pimbi, wanangu, yule wa mawe, wala si pelele wa mitini. Siku hizi watu huwachanganya. Jina lake lilikuwa Mwanajabali.

Kazi yake ilikuwa kuuza redio zilizokwisha kutumika. Alizinunua zikiwa mbovu, akazitengeneza, akazipiga picha na kuzitangaza mtandaoni. Mnyama aliyependezwa aliagiza kwa simu, na punda aitwaye Kihongwe akampelekea kifurushi hadi mlangoni.

Kabla ya kuifunga redio yoyote, Mwanajabali alitia karafuu tatu nyuma ya spika. Mende hupenda redio kuukuu kwa ajili ya joto lake, lakini na karafuu hawapatani. Jambo hilo alifundishwa na mama yake. Katika matangazo yake hakulitaja, kwa kuwa aliliona ni usafi tu, si la kujisifia.

Soko hilo la mtandaoni lilikuwa na msimamizi, Mzee Kifaru, na sheria yake ilikuwa fupi. Mteja akipokea kitu kibovu, atakirudisha ndani ya siku saba na kubadilishiwa. Muuzaji akirudishiwa mara tatu, duka lake litafungwa.

Mwanajabali alikwisha kurudishiwa mara mbili. Redio ya kwanza ilivunjika Kihongwe alipojikwaa mtoni. Ya pili iliangushwa na tumbili, naye akaapa kwamba aliipokea hivyo. Ilibaki mara moja tu, na watoto wanne wa Mwanajabali walikula kwa duka hilo.

Basi asubuhi moja, kwata, kwata, kwata, Kihongwe akapanda kilima.

"Bibi, mzigo umerudi."

"Wa nani?"

"Wa Bwana Kingugwa. Anasema haikulia hata siku moja."

Kingugwa alikuwa fisi, tena fisi wa madoa, mwenye kicheko cha kusikika mabonde mawili. Mwanajabali aliitikisa redio. Kacha, kacha. Akaifungua mgongo, na mende wanane wakatoka mbio, chakachaka, wakapotea kwenye mawe.

Akatazama nyuma ya spika. Hapakuwa na karafuu hata moja.

"Ganda ni langu," alisema polepole. "Matumbo si yangu."

"Una maana gani, bibi?"

"Alikuwa na redio yake iliyokufa. Amechukua matumbo ya redio yangu, akaitia ile yake ikafufuka. Matumbo ya maiti ndiyo haya aliyonirudishia."

"Basi mwambie Mzee Kifaru."

"Nitamwambia nini? Mzee Kifaru haoni kupita pembe yake. Atapapasa ganda, na ganda ni langu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake Mwanajabali na Kingugwa walikutana kwenye matope ya Mzee Kifaru. Mzee aliisogeza redio hadi chini ya jicho lake.

"Mwanajabali, ganda hili ni lako?"

"Ni langu, Mzee."

"Na namba ya mgongoni?"

"Niliiandika mimi."

"Basi na ubovu ni wako. Hii ni ya tatu."

Kingugwa akacheka. "Muuzaji kiganja, ubovu gunia! Nami nibadilishiwe kwa ile kubwa ya spika mbili, Mzee. Nimesumbuka sana. Watoto wangu wamelala wiki nzima bila wimbo."

Mwanajabali aliwakumbuka wanawe wanne, akataka kupiga kelele, kama ilivyo desturi ya kabila lake. Hakupiga. Alijifuta vumbi miguuni, taratibu, mpaka sauti yake ilipotulia.

"Nimekubali, Mzee. Tena namshukuru Mungu kwamba Bwana Kingugwa alipata hii mbovu."

"Unashukuru?" akauliza Kifaru.

"Hii haina karafuu. Redio zangu nyingine zote nimezitia karafuu tatu, dawa ya mende. Kumbe karafuu za mwezi huu ni mbaya. Zikipata joto hunukia kwanza, halafu, pu! Redio hupasuka na moto hushika paa. Tangu jana nawapigia simu wateja wangu. Wewe, bwana, umesalimika."

Kicheko cha Kingugwa kilikwama njiani.

"Hunukia vipi?"

"Kama pilau."

"Na harufu ikishatoka, huchukua muda gani mpaka hiyo pu?"

"Haichukui muda. Hasa watoto wakiizunguka kusikiliza, joto huzidi."

"Nauliza tu," akasema Kingugwa. "Kwa ajili ya jirani."

"Uliza, bwana. Jirani ni ndugu."

Kingugwa aliondoka hatua kumi, akageuza mgongo na kutoa simu. Alifikiri kwamba kwa mzee asiyeona, hatua kumi zatosha. Alisahau kwamba macho ya kifaru ni hafifu lakini masikio yake ni mazima, na kwamba fisi hakuumbiwa kunong'ona.

"Mama Madoa, izime hiyo redio."

Sauti ya mkewe nayo ilikuwa ya kifisi. "Niizime kwa nini, Baba Madoa? Si ndiyo kwanza inaimba, tangu ulipoitia matumbo ya yule pimbi?"

"Izime nimesema! Itupe nje, watoto wakae mbali!"

"Makubwa haya. Kitu kinaimba vizuri, tena kinanukia karafuu mpaka wanao wananiuliza pilau iko wapi."

Sikio la kushoto la Mzee Kifaru liligeuka. Kisha la kulia.

"Kingugwa," akasema, "rudi hapa."

Kingugwa akarudi, mkia katikati ya miguu.

"Jirani yako huyo," akauliza Kifaru, "naye mkewe anaitwa Mama Madoa?"

Kingugwa aliizima simu.

"Mwambie mama watoto asihofu," akasema Mwanajabali. "Nimeziuza redio hizi miaka saba. Karafuu haijapata kumpasukia mtu."

Mzee Kifaru akafuta lile lalamiko la tatu, akamtoa Kingugwa katika soko. Jioni hiyo Kingugwa alipanda Kilima Mbuni mwenyewe, bila Kihongwe, matumbo ya redio kifuani, ananukia karafuu njia nzima, na kila aliyepishana naye alimwuliza kama anatoka harusini.

Duka la Mwanajabali halikufungwa. Aliongeza mstari mmoja tu katika matangazo yake: *Ndani mna karafuu tatu, ukirudisha, rudisha nazo.*

Nanyi shikeni hili: afichaye cha mwenzake amemlaza shahidi nyumbani mwake.