Jogoo wa Mzee Mbonea

"Jogoo wa sadaka hafichwi jikoni." Mmenisikia nikimwambia hivyo Nikodemo, mkacheka, kisha mkauliza msemo umetoka wapi. Si yule jogoo wa shamba asiyewika mjini. Huyu aliwika, tena mahali pabaya. Mambo yalianza hivi.

Hapa usharikani kwetu, msimu wa mavuno, watu hutoa sadaka kwa walichonacho: ndizi, mayai, maharage. Ibada ikiisha, vitu vinanadiwa uwanjani na fedha inaingia kanisani. Basi Mzee Mbonea, mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wengi kuliko meno yake, akatoa jogoo mwekundu. Alimpitisha katikati ya kanisa polepole, hata wenye macho mabovu wakamwona.

Mwinjilisti akamnunua. Kesho yake jogoo akarudi zake kwa Mbonea, maana kuku hajui mnada. Mwinjilisti alipomfuata, akajibiwa, "Amerudi mwenyewe. Mimi ni nani nikatae baraka za Bwana?"

Jumapili iliyofuata Mbonea akamtoa tena! Fundi cherehani akamnunua, jogoo akarudi, akatolewa tena. Jogoo yule alifika madhabahuni mara nyingi kuliko baadhi yenu mnaonitazama. Mchungaji alishika kichwa. Watu walisonya, lakini nani amseme mzee wa kanisa?

Hatimaye jogoo akanunuliwa na Nakiete, mjane aliyeuza viazi vyake vyote ili wageni wa kipaimara cha mwanawe wapate kitoweo. Hakuwa na kingine. Alichana ukanda kwenye pindo la kitenge chake, akamfunga jogoo mguu kwenye nguzo. Jogoo akavuta, ukanda ukakatika, akaenda zake na kipande mguuni.

Ilikuwa siku ya kuamkia kipaimara, na asubuhi hiyo ibada ya jumuiya ilikuwa kwa Mbonea. Mwenyewe alifundisha: ni heri kutoa kuliko kupokea. Alifundisha vizuri mno. Alipomaliza, Nakiete akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujamwona jogoo wangu?"

"Sijamwona."

"Yule mwekundu, mzee. Uliyemtoa wewe."

"Nikishatoa nimetoa. Simjui."

"Baba yangu, kesho ni kipaimara. Hata hapa uani hakupita?"

"Mama, nimesema jogoo huyo simjui!"

Jikoni kukasikika: "Kokorikoo!"

Watu wakaanza kunong'onezana, wote isipokuwa Babu Kadeghe, ambaye kwa masikio yake mazito hakujua kunong'ona. "Mara ya tatu!" akapaza sauti. "Kama Petro!"

"Petro hakuwa amemfuga," mwinjilisti akaguna.

"Huyo ni kuku mwingine," Mbonea akasema.

Ndipo mkewe akafoka kutoka jikoni: "Baba Eliamani, nimechoka! Tangu alfajiri nimekalia tenga kama kuku anayeatamia. Mgongo unaniuma na Mungu ananiona. Njoo ulikalie wewe!"

Tenga likafunuliwa. Jogoo akatoka, akapita katikati ya watu polepole kama alivyozoeshwa kanisani, akiburuta ukanda mguuni. Watu wakautazama ukanda, kisha wakakitazama kitenge cha Nakiete. Mbonea akaitazama Biblia yake, lakini alikuwa ameishika juu chini.

Kesho yake wageni walikula wakashiba. Mbonea naye alikuja, akakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kuondoka. Nakiete akampelekea firigisi, kipande cha mheshimiwa, kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee wangu. Ndiye yule yule."

Wanasema aliitafuna firigisi ile mpaka wageni wakaaga, haikumezeka. Mavuno yaliyofuata alitoa ndama. Baada ya mnada alimsindikiza mnunuzi hadi kwake, akamfunga ndama mwenyewe, akarudia kuijaribu kamba.

Sasa wewe Nikodemo. Gitaa ulilowapa kwaya mbele ya kanisa zima, tukakupigia vigelegele hadi koo zikakauka, "umeliazima" kwenda kupigia harusini. Leo kwaya wakikuuliza, unasema hujui liliko. Haya, mimi si polisi. Ila jana jioni, nikichambua mboga, nyuzi zake nilizisikia kutoka kwenu.

Mjukuu wangu, jogoo wa sadaka hafichwi jikoni.