Sahihi Tatu Ndani ya Faili

Sogeeni, ninyi mnaojiona mahakimu, niwape kesi.

Katika nchi moja ya milimani, iliyojitenga Muungano wa Sovieti ulipovunjika, idara ya usalama ilibadili bendera mlangoni, vyumba vya chini ikaviacha vilevile. Humo walifanya kazi watatu wenye vipaji. Bakyt alikuwa na masikio: sauti akiisikia simuni mara moja, miaka kumi baadaye ataitambua. Bi Rimma alikuwa na vidole: alifungua barua kwa mvuke wa birika, akaifunga, mwenyewe asijue. Temir, mtunza mhuri, aliweza kuiga mwandiko wa mtu yeyote.

Chini ya miguu yao alifungwa mwalimu Saltanat, kwa kosa la kuandika majina ya watu waliopotea. Siku arobaini hakuliona jua, na alishakata tamaa.

Jumanne, Bakyt alimsikia mkuu wa idara akimwambia mkuu wa mahabusu simuni, "Barua ya yule mwalimu inakuja ndani ya faili lake. Alhamisi jioni asiwepo." Bakyt akajitolea kulibeba faili, akalipeleka kwa Bi Rimma. Bila masikio yale, nani angejua?

Bi Rimma akachemsha birika, akaitoa barua ya kifo bila kuchana bahasha. Bila vidole vile, bahasha ingewasema.

Naye Temir akaandika nyingine kwa mwandiko wa mkuu: "Aachiliwe." Akagonga mhuri. Bila mkono ule, bahasha ingefika tupu.

Lakini idara ile ilikuwa na desturi: mbeba faili, mkagua barua na mtunza mhuri husaini ndani ya jalada, la sivyo walinzi wa mahabusu hawalipokei. Wakasaini wote watatu, majina yao halisi.

Alhamisi saa saba mchana, Saltanat akatolewa. Nyuma ya soko, kaka yake, aliyeletewa habari na Bi Rimma, alimngoja na lori la unga. Wale watatu nao walikuwepo, theluji mabegani.

"Dada, mpakani wanakagua," alisema kaka. "Nyuma ya magunia mnaenea wawili tu."

"Faili limesharudi mezani kwa mkuu; akirudi kutoka kula saa nane, atalifungua na kuona majina yetu," alisema Temir. "Mwalimu, nina mtoto wa miezi mitatu."

Bakyt aliinamisha kichwa. "Siku ile ulipokamatwa, mimi ndiye niliyeitambua sauti yako. Sijalala vizuri tangu hapo. Naogopa, mwalimu."

Bi Rimma hakuomba kitu. Alikuwa akimfunga Saltanat vifungo vya koti. "Usinitazame mimi, mwanangu. Muda unakwisha." Akamfunga kifungo cha mwisho, akamwinua ukosi.

Saltanat aliona aibu kwa kuwa hai. Mguu mmoja ulikuwa juu ya lori, mwingine chini.

"Dada! Nani anapanda?"

Haya, mahakimu wangu. Amchukue nani? Au ashuke yeye, wapande wawili? Ungekuwa wewe, ungemnyooshea nani mkono? Semeni upesi, maana mkuu wa idara ameshanawa, na sasa anavaa koti.