Saa Isiyo na Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Upande wa kuni umeitikia. Upande wa mlango mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nina watu. Vuteni miguu msiungue, na anayetafuna afunge mdomo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza na sheria kama sisi, kiangazi kiliingia katika bonde moja na kikakataa kutoka. Mto ukakauka. Visima vya mchangani vikakauka. Likabaki bwawa moja chini ya kilima cha mawe, na kila mwenye ulimi alilitaka.

Bonde hilo lilitawaliwa na Baraza la Pembe. Anayeketi humo sharti awe na pembe, na awe dume. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyati. Kuliani kwake aliketi Bwana Choroa, mwenye pembe zilizonyooka. Kushotoni aliketi Bwana Palahala, mwenye pembe zilizopinda kurudi mgongoni.

Mtaniuliza: nyati jike si ana pembe pia? Choroa jike je? Wake zao waliuliza hivyo hivyo. Wakajibiwa, "Pembe zenu ni mapambo." Wakaambiwa warudi kwa watoto.

Baraza likakaa kivulini, likatunga sheria ya maji. Mzee Nyati akapanda kilimani akaitangaza:

"Asubuhi watakunywa wenye pembe pamoja na wake zao. Alasiri watakunywa wageni, kila mgeni akiletwa na mwenyeji mwenye pembe. Jioni watakunywa vilema na wagonjwa, kila mmoja akisindikizwa na mwanawe aliyeota pembe. Zamu iliyopita imepita. Mwenye lalamiko alilete kwenye zamu yake."

Na mchana, jua likiwa utosini? Mchana hawakuupangia mtu. Saa hiyo wao walikuwa kivulini, wameshakunywa tangu asubuhi, wamelala. Haikuwajia akilini kwamba yuko anayeona kiu wakati wao wamelala.

Wakamweka Ngiri kuwa mlinzi wa bwawa. Ngiri hana pembe, ana meno yaliyotokeza nje. Lakini tangu apewe kazi ile alikuwa akisema zile ni pembe, ila zimepitia mdomoni. Hakuna aliyembishia. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya maji.

Basi, bondeni palikuwa na tandala jike, jina lake Sikudhani. Tandala jike haoti pembe kabisa. Mumewe aliliwa na simba ng'ambo ya mto, na simba yule yule akamvunja yeye mguu wa nyuma. Mguu ukapona vibaya. Akavuka akichechemea, akazaa bondeni, mtoto jike. Ndama alikuwa ananyonya, na mama asiyekunywa maji hana cha kunyonyesha.

Asubuhi Sikudhani akaenda bwawani. Ngiri akasimama njiani.

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Ameliwa."

"Pole sana. Lakini hii ni zamu ya wenye pembe na wake zao, na wewe si mke wa mtu. Si ulitoka ng'ambo? Njoo na wageni. Si hapa, mama, si saa hii, si wewe."

Alasiri akarudi.

"Mwenyeji wako nani?" Ngiri akauliza.

"Bi Nungunungu. Nalala mlangoni kwake."

"Nungunungu ana pembe?"

"Ana miiba mwili mzima."

"Nimeuliza pembe. Lakini hebu, wewe si unachechemea? Njoo jioni na vilema. Si hapa, mama, si saa hii, si wewe."

Jioni akarudi, ndama akimfuata nyuma.

"Mwanao aliyeota pembe yuko wapi?"

"Mwanangu ni huyu."

Ngiri akamtazama ndama. "Huyu ni jike. Huyu hataota pembe hata akiishi."

"Aishi kwanza."

"Si hapa, mama, si saa hii, si wewe."

"Basi nataka kulalamika."

"Vizuri sana. Lalamiko hupokewa kwenye zamu yako."

"Sina zamu!"

"Ndiyo hivyo sasa. Pata zamu kwanza, kisha uje ulalamike kwamba huna."

Wewe Mwanaidi unacheka, lakini Sikudhani hakucheka. Alirudi mlangoni kwa Bi Nungunungu, ndama akatafuta chuchu, akaivuta, akaiachia. Hakulia. Ndama akiacha kulia, mama yake hujua amebakiwa na muda mchache.

"Dada," Sikudhani akasema, "sheria imesemaje kuhusu mchana?"

Bi Nungunungu alikuwa mjane pia, naye aliishi kwa kulamba umande kwenye mawe. Akafikiri. "Haikusema kitu."

"Basi mchana ni wangu."

Jua lilipofika utosini, Sikudhani akashuka bwawani. Ngiri akainuka kwenye tope akikimbia.

"Mama! Hapa kuna sheria!"

"Itaje."

"Asubuhi wenye pembe na wake zao."

"Sasa hivi ni asubuhi?"

"Hapana. Alasiri wageni."

"Sasa hivi ni alasiri?"

"Bado. Jioni vilema na wagonjwa."

"Sasa hivi ni jioni?"

Ngiri akatazama juu, jua likamchoma macho. "Saa hii," akasema polepole, "haina mwenyewe."

"Imempata," Sikudhani akasema, akainama akanywa.

Siku iliyofuata hakuja peke yake. Alikuja Bi Nungunungu. Alikuja kanga mwenye jicho moja na vifaranga wake. Alikuja nyati jike aliyeachwa na mumewe, na mumewe huyo alikuwa Mzee Nyati mwenyewe. Wote hao kila zamu ilikuwa imewapitia pembeni. Walisimama kwenye mstari, wakanywa, wakaondoka bila kusukumana.

Habari zikafika kivulini. Mzee Nyati akatikisa masikio. "Mwiteni huyo tandala asubuhi. Amekunywa nje ya zamu. Baraza likimwona na hatia, atatoka katika bonde hili."

Nje ya bonde hapakuwa na maji mahali popote ambapo ndama angefika kwa miguu yake. Mzee Nyati alilijua hilo. Sikudhani pia.

Asubuhi baraza likaketi kabla ya kwenda kunywa. "Tutamaliza upesi," Mzee Nyati akasema. "Tutakunywa tukitoka hapa. Bwana Choroa, kesi za wajane si zako? Mhukumu."

Choroa akamtazama Sikudhani. "Huyu si mjane wa hapa. Mumewe alifia ng'ambo. Huyu ni mgeni, na kesi za wageni ni zako, Mzee."

"Mgeni?" Nyati akasema. "Mgeni ni dume aliyekuja kutafuta malisho. Huyu alikuja anachechemea. Ni kilema. Kesi za vilema ni za Bwana Palahala."

"Mimi?" Palahala akaruka. "Mimi nahukumu vilema wenye wana. Huyu mwanawe hana pembe. Alichonacho ni ujane tu. Bwana Choroa!"

Kesi ikarudi kwa Choroa. Ikaenda kwa Nyati. Ikaenda kwa Palahala. Ikarudi kwa Choroa. Sikudhani alisimama katikati kwa miguu mitatu, akaukunja ule mbovu, akatazama kivuli cha kilima kikifupika.

"Waheshimiwa," akasema, "mmeona nilivyozungushwa? Hivi ndivyo nilivyofanywa bwawani kutwa nzima. Ninyi mmezunguka asubuhi moja tu, na mmechoka."

"Nyamaza!" Nyati akasema. Kisha akaona heri mambo yaishe. "Sikiliza, mama. Sisi si wabaya. Nitakupa ruhusa unywe mchana, wewe peke yako. Hao wengine wasije."

"Sitaki ruhusa. Anayetoa ruhusa huichukua akikasirika. Nataka zamu, yangu na ya wenzangu."

Choroa akakohoa. "Basi mimi nitakuoa. Utakunywa asubuhi, nyuma ya mke wangu mkubwa."

"Shemeji, nimekuja kutafuta maji. Mume sikumtaja."

Palahala akasema, "Tumfungie pembe za mti. Kwa macho ya sheria atakuwa na pembe."

"Kumbe pembe ni kitu cha kufunga tu?" Sikudhani akasema. "Basi zenu nazo zinaweza kufunguliwa."

Wakaanza kusema wote watatu kwa pamoja, kuhusu heshima, kuhusu mila, kuhusu majike wa siku hizi. Walisema sana. Kilima kikapoteza kivuli chake. Sikudhani akatazama juu.

"Saa yangu imefika," akasema. "Kama mna hukumu, mtanikuta kwenye maji."

Akawageuzia mgongo, akaondoka akichechemea.

Midomo ya wazee ilikuwa imekauka kwa maneno. Wakainuka, wakashuka nao bwawani. Mstari ulikuwa tayari: Sikudhani na ndama, Bi Nungunungu, nyati jike, kanga na vifaranga. Mzee Nyati akaupita mstari mzima, akafika kwa Ngiri.

"Nipishe."

"Si hapa, Mzee," Ngiri akasema, "si saa hii, si wewe."

Mstari mzima ukageuka kumtazama. Ngiri mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Umesema nini?"

"Mzee, zamu yenu ni asubuhi, na asubuhi imepita. Zamu iliyopita imepita. Hayo ni maneno yako, mimi nayarudia tu. Kila siku nayarudia."

"Nina lalamiko!"

"Kwenye zamu yako, Mzee."

Mzee Nyati akainamisha pembe. Bi Nungunungu akageuka, akasimamisha miiba yote. Na yule nyati jike akatoka kwenye mstari, akasimama kando ya Bi Nungunungu, akainamisha pembe zake pia.

"Njoo, baba watoto," akasema. "Njoo uone mapambo yanavyochoma."

Nyati akatazama miiba. Akatazama pembe. Akatazama maji. Akainua kichwa.

"Nyuma ya kanga pana nafasi," Sikudhani akasema.

"Mimi nisimame nyuma ya kanga?"

"Na nyuma ya vifaranga wake."

Palahala alisema afadhali akatafute maji kwingine. Akaenda, na bonde halikumwona tena. Nyati akaingia kwenye mstari, Choroa nyuma yake. Jua liliwapiga mgongoni na hakuna aliyewapa kivuli. Walipofika majini, wengi walikuwa wamekanyaga, maji yamevurugika.

"Yana tope!" Nyati akasema.

"Ndiyo ladha yake," nyati jike akamjibu. "Tangu uniache, mimi sikupata mengine."

Nyati akanywa. Tone likamning'inia kidevuni. Choroa naye akanywa, wa mwisho kabisa. Sikudhani akasimama mbele yao, ndama chini ya tumbo lake akinyonya, mkia ukitikisika.

"Kesho baraza litakaa hapa," akasema. "Saa hii hii, juani, na kila mwenye kiu awepo. Zamu zitapangwa na yule anayekunywa wa mwisho."

Bwana Choroa akainua pembe zake zilizonyooka. "Tangu lini asiye na pembe akatunga sheria?"

"Tangu leo," Sikudhani akasema. "Na wewe leo ndiye uliyekunywa wa mwisho, Bwana Choroa. Kwa hiyo kesho utaanza wewe kusema. Tuambie tope lina ladha gani."

Choroa akashusha pembe. Kesho yake alikuja, juani, na akasema.

Hadithi yangu naitua hapo, kando ya bwawa. Aliyekaa karibu na mtungi achote maji awape wenzake. Aanze na yule wa mlangoni.