Chungu, Kidimbwi au Mto

Sogeeni, sogeeni. Mwenye mdomo mwepesi aushike kwa mkono mpaka nimalize, maana leo naleta hadithi isiyo na mkia. Mkia mtautia ninyi, na ninavyowajua, mtagombana.

Kule juu mlimani, ambako mashamba ya chai yanaishia na msitu unaanza, kuna kijito kiitwacho Kamweru. Si kikubwa, mbuzi mwenye haraka hukiruka. Lakini maji yake ni baridi hata kipupwe kikiwa bado mbali, na ndani yake wanaishi trauti, samaki wenye madoadoa mgongoni, waoga na wajanja kwa pamoja. Wakiona kivuli chako tu, hutawaona tena siku hiyo. Trauti wa Kamweru hawavuliwi kwa mnyoo. Huvuliwa kwa nzi wa manyoya, yaani ndoana ndogo iliyofungwa uzi na unyoya mpaka ikafanana na mdudu, kisha ikarushwa kwa ufito mrefu na mshipi mwepesi, itue juu ya maji kana kwamba imechoka kuruka. Samaki akidanganyika, umempata. Asipodanganyika, unarudi nyumbani na mafua.

Kando ya kijito hicho walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake na kilema chake.

Wawira alikuwa na vidole. Nzi aliyefungwa na Wawira ungemfukuza kwa mkono ukidhani anataka chai yako. Lakini Wawira alianguka kwenye mteremko wa chai, na tangu hapo bega lake la kulia halikuweza kupanda juu ya kifua. Kufunga nzi aliweza, kumrusha hakuweza.

Njeru, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa na mkono. Ungeweka kikombe ng'ambo ya kijito, naye angemtua nzi ndani ya kikombe bila kugusa ukingo. Lakini macho ya Njeru yaliishia kwenye vidole vya miguu yake. Kilichobaki kilikuwa ukungu mtupu. Asipoambiwa arushe wapi, hakuvua kitu.

Mzee Rwamba, jirani yao, alikuwa na macho. Pale ambapo wewe na mimi tungeona jiwe, yeye aliona samaki, akakwambia na upande anaotazama. Lakini mikono yake ilikuwa ya kung'oa visiki. Akishika ufito, unavunjika. Akishika mshipi, unakatika. Hata chai alipewa kwenye kikombe cha bati, kwa usalama wa vyombo.

Sasa, watu wa Kamweru wana desturi moja wasiyoichezea. Samaki ana msemaji mmoja tu, naye ni yule aliyemvua. Samaki akishaingia wavuni huachwa majini, kichwa kikielekea maji yanakotoka, mpaka msemaji wake aseme anakokwenda. Wengine hufunga midomo, hata awe baba mkwe. Anayemshika samaki kabla neno halijatoka haukanyagi tena ukingo wa mto huo. Desturi hiyo haikuwahi kumtatiza mtu, kwa sababu Kamweru kila mtu huvua peke yake.

Ila mwaka huo kipupwe kilikuja kibaya. Mama yao Wawira na Njeru, Bibi Ciarunji, alishikwa na nimonia. Dawa zikafanya kazi yake, kifua kikafunguka, lakini hamu ya chakula haikurudi. Uji ulipoa mbele yake, viazi vikaliwa na kuku. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wazi, "Ugonjwa umeondoka. Sasa asipokula, njaa ndiyo itakayomchukua."

Wawira alimwinamia mama yake akamuuliza ni kitu gani duniani angeweza kukimeza.

"Mchuzi wa samaki wa Kamweru," mama alisema. "Kama wale aliokuwa akileta baba yenu."

Wawira alikimbilia sokoni akaleta sato mnono, akampika kwa dania na nyanya. Mama alinusa, akageuzia uso ukutani. "Huyu amekulia matopeni," akasema, na habari ya sato ikaishia hapo. Wawira alitoka nje akalia nyuma ya zizi. Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa leso, akasema kwa sauti, ng'ombe wakimsikia, "Nitamleta huyo samaki, hata kama ni lazima niyanywe yale maji mpaka yakauke."

Lakini kumleta kutoka wapi? Misimu miwili nyuma, mtu fulani huko juu alisafishia pampu ya dawa ya mimea kijitoni, na samaki wakaelea matumbo juu. Waliobaki walihesabika. Isitoshe, mto ungefungwa kwa wavuvi jua likizama kesho yake, ili samaki wapande kutaga, na haungefunguliwa mpaka mvua za vuli zipite. Mama asingengoja vuli.

Basi Wawira akamwita Njeru, na Njeru akamwita Mzee Rwamba, maana mkono bila macho ni fimbo ya kipofu. Alfajiri wakapanda mlimani watatu na ufito mmoja. Hapo ndipo walipokosea. Walikwenda kama mvuvi mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuuliza huyo mvuvi mmoja anaitwa nani.

Walivua asubuhi nzima bila kitu. Vitoto vya samaki vilinasa, vikarudishwa majini, kama ilivyo sheria. Mvua ya manyunyu ikaanza. Miguu ya Wawira ilikufa ganzi na bega likamuuma, lakini kila Njeru aliposema, "Dada, tupumzike," alijibu, "Tutapumzika mama akila."

Alasiri walifika kwenye kilindi chini ya mizizi ya mti ulioanguka, pahali peusi ambapo watu hupita bila kutazama. Mzee Rwamba alilala kifudifudi kwenye matope, akatazama. Akatazama mpaka Wawira akadhani amesinzia. Kisha akanong'ona, "Yupo. Chini ya mzizi wa pili. Mkubwa, mama yangu wee, mkubwa! Haendi kwa vinavyoelea juu. Anakula vile vidudu vya kahawia vinavyopanda kutoka chini, kabla havijafika juu." Pasingekuwa na macho hayo, wangepita, na samaki angebaki akila kwa raha zake.

Wawira alifungua kopo lake. Nzi wote aliokuwa nao walikuwa wa kuelea. Akaokota kidudu kimoja kwenye jiwe, akakigeuzageuza, akaketi kwenye manyunyu na kuanza kufunga mwingine, magoti yakiwa meza yake. Uzi alikuwa nao, unyoya wa kanga alikuwa nao. Kilichokosekana kilikuwa kitu kigumu cha rangi ya kijivu kwa ajili ya miguu ya mdudu.

"Mzee Rwamba," alisema, "naomba ndevu."

"Ndevu zipi?"

"Hizo. Tatu tu."

Mzee alizing'oa, machozi yakamtoka, akazitoa. Vidole vya Wawira vilikuwa vya bluu kwa baridi, lakini havikutetemeka hata mara moja. Alipomaliza, mdudu wa jiwe na mdudu wa ndoana walilala kiganjani pamoja, na Njeru, hata aliposogeza macho karibu, ilibidi aguse ili ajue yupi mwenye ncha. Pasingekuwa na vidole hivyo, samaki angewatazama nzi wengine wote akacheka.

Njeru akasimama. Juu yake kulikuwa na matawi, mbele yake mizizi, na nafasi ya kupitisha mshipi haikuzidi dirisha la jikoni. "Niambie, Mzee."

"Mbele yako, kushoto kidogo. Atue juu ya jiwe jeupe, azame mwenyewe."

Njeru hakuliona jiwe. Alivuta pumzi, akaurudisha ufito nyuma, akaupeleka. Mshipi ukapita dirishani, nzi akatua, akazama, na mshipi ukakaza. Ufito ulipinda mpaka ukalia. Samaki alikimbilia mizizini, Njeru akamzuia. Akashuka na maji, Njeru akamfuata kwa kupapasa mawe kwa miguu, akilegeza na kukaza kwa hisia ya mkono tu. Mtu mwingine angevuta kwa pupa na mshipi ungekatika hapohapo. Pasingekuwa na mkono huo, hadithi yangu ingeishia hapa na mngelala mapema.

Mwishowe Rwamba aliteleza akiwa anapiga kelele za kuelekeza, akamshika Njeru mkanda, wote wawili wakaketi majini. Wawira, wavu ukiwa katika mkono wake wa kushoto, naye alivutwa na maji akaketi karibu yao, na samaki akaongozwa mpaka ndani. Wavu ulikuwa wa Rwamba, ukashikwa na Wawira, na aliyemwingiza samaki ni Njeru. Kwa hiyo msinianzie habari ya wavu.

Walicheka, wamelowa mpaka mifupani. Wawira alicheka kuliko wote, maana tayari alikuwa akiona mvuke wa mchuzi na mama yake akishika kijiko. Kisha Rwamba akainama kutazama ndani ya wavu.

"Ni jike," alisema. "Tumbo limejaa mayai."

Kicheko kikakatika.

"Basi arudi," Njeru alisema.

Wawira alimgeukia. "Umesemaje?"

"Arudi mtoni, dada. Mto umebaki na majike wangapi? Tangu ile sumu niliapa jike mwenye mayai hatatoka humu kwa mkono wangu."

"Njeru! Mama hajala."

"Ni mama yangu pia!" Sauti yake ilipasuka. "Unadhani simpendi? Yeye mwenyewe ndiye aliyenichapa nilipomkamata kuku aliyekuwa akiatamia. Tukimpa huyu, tunampa mchuzi wa mwisho wa Kamweru."

"Ngojeni, wanangu," Rwamba alisema. "Huyu akirudi Kamweru, fisi-maji wako hapohapo, na mwenye pampu yuko hapohapo. Mimi nina kidimbwi chenye maji ya chemchemi. Atage kwangu, salama, na vitoto nivirudishe mtoni kwa mamia. Mlidhani nililala kwenye matope kwa ajili gani?"

"Mwaka jana uliweka wawili," Njeru alisema, "na mmoja akafa."

"Na mmoja akaishi."

Najua yupo mjanja mmoja hapa, amekaa vizuri, anataka kusema: wamkamue mayai yapelekwe kidimbwini, na nyama iende chunguni, kila mtu aende kwao. Kaa chini, mjanja. Rwamba alilitazama lile tumbo kwa macho yake, akasema mayai hayajaiva. Ukiyakamua leo yameoza kesho. Na mwingine anasema wakamuulize mama. Nyumbani ni mbali, na samaki aliyepigana vile hakai wavuni muda mrefu. Wakichelewa kidogo, atakufa mikononi mwao bila neno la mtu yeyote.

"Msemaji ni mimi," Wawira alisema. "Alimuuma nzi wangu. Niliwaita mimi. Mngekuwa nyumbani mkiota moto."

"Msemaji ni mimi," Njeru alisema. "Desturi inasema aliyevua. Nani alishika ufito?"

"Mngemvua nani?" Rwamba aliuliza. "Kama si mimi, msingejua hata kama yupo. Tena ndevu zangu ndizo zilizo mdomoni mwake."

Wawira alitazama ndani ya wavu. Samaki alikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe: mgongo wa kijani, madoa mekundu ubavuni, jicho moja likimtazama bila ombi lolote. Alimwonea huruma. Alimwonea huruma, na bado alimtaka kwa moyo wake wote. Akafikiria mto mtupu, akafikiria kitanda kitupu, na kati ya viwili hivyo alijua ni kipi asingeweza kukirudia nyumbani. Lakini alijua pia kwamba akimshika samaki kabla ya neno, na neno likawa si lake, atakuwa mwizi mbele ya mdogo wake.

Jua liligusa miti ya ng'ambo. Hakuna aliyeachia wavu. Mikono mitatu ilikuwa kwenye mpini mmoja, na hakuna aliyevuta.

"Amepunguza kupumua," Rwamba alisema taratibu.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Ninyi mmekwisha kuanza kunong'onezana huko nyuma, nawasikia: macho, vidole, mkono. Bishaneni, lakini kumbukeni kwamba mkibishana samaki anachoka, jua linashuka, na mwanamke mmoja amegeukia ukuta akisikiliza kama mlango utafunguliwa. Semeni basi, na mseme upesi: neno juu ya samaki yule ni la nani? Na wewe uliyelala ukijifanya husikii, lingekuwa lako, ungemwambia Wawira ampeleke wapi?